Macho ya Mchawi, Shingo ya Malkia

Nianze na hili: hakupenda sinema. Watu wakisikia kuwa mzee mmoja wa Kilosa aliuza shamba la mpunga kule Tindiga akanunua sanamu za watu wa sinema, wanafikiri alikuwa mgonjwa wa sinema. Wapi! Mzee wa watu ukimwekea filamu anasinzia kabla farasi wa kwanza hajakimbia. Nimemwona kwa macho yangu haya: mapanga yanagongana, joka linatema moto, mji mzima unaungua, yeye kidevu kifuani. Akishtuka anauliza, "Yule mwanamke ameshatokea?" Ukimwambia bado, anarudi kulala.

Tulimwita Mpiga Picha, hata sisi tuliolijua jina lake. Studio yake na mgahawa wangu vilitenganishwa na ukuta mmoja, njia ya kwenda stesheni. Miaka yote hiyo moshi wangu uliingia kwake, na wateja wake walikuja kwangu kunywa chai wakisubiri picha. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara, kwa hiyo ni watani, na utani tuliufanya kama kazi ya kuajiriwa. Asubuhi nampa shikamoo yake, maana umri ni umri. Akishaitikia marahaba, hapo hapo namwambia ana sura ya gunia lililonyeshewa. Naye ananijibu kwamba chai yangu ingefaa kuoshea baiskeli. Mgeni akipita anadhani tunagombana, kumbe ndivyo siku inavyoanza.

Alikuwa mtu mkavu kwenye kazi. "Kidevu chini. Macho kwangu. Usicheke." Hayo maneno matatu watoto wa mtaa waliyajua kabla ya kujua kusoma. Mteja akilalamika kwamba picha haikufanana naye, hakubishana. Alikuwa akisema, "Uso haukai, mama. Huo ndio uliokuwa nao wakati ule." Nilidhani ni ujanja wa kukataa kurudia picha bure. Labda ulikuwa ujanja kweli, maana alikuwa bahili sana. Kamera yake aliifunga kwa mpira wa baiskeli, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa mpaka fundi viatu akamwomba avipumzishe. Halafu mtu huyo huyo, akiambiwa kuna sanamu ya mwanamke mwenye shingo ndefu imefika Kariakoo, anauza kitu siku hiyo hiyo. Aliuza mashine ya kusafishia picha, akauza baiskeli, mwishowe shamba.

Sasa niseme kwa nini, maana bila hilo mtamwona chizi.

Mkewe tulimwita Mama Neema. Huyo ndiye aliyeiendesha studio, mume alibonyeza tu. Mama Neema ndiye aliyenyoosha kola za wateja, akafuta vumbi kwenye viatu vya bwana harusi, akapaka watoto mafuta usoni, akashika ule mwavuli mweupe wa kurudisha mwanga. Ukikaa kwenye kile kiti, yeye ndiye aliyekuchekesha, mumewe akikukataza kucheka. Na kwa kuwa kila picha inapopigwa yeye yuko pembeni ameshika mwavuli, hakuwemo. Wenyewe walisema kinyozi hajinyoi. Alikuwa akimwambia mumewe, "Na mimi leo nipige," mumewe anajibu, "Kesho, mwanga umeharibika." Nimeyasikia hayo kupitia ukutani mara nyingi mno.

Picha zake zilikuwepo chache, ya harusi na moja amembeba Neema mchanga. Akafa ghafla. Asubuhi kichwa kilimuuma, jioni tunamlilia. Neema hajaanza hata chekechea. Msiba haujapoa, mto Mkondoa ukavunja tuta na maji yakaingia mjini. Kilosa nzima ilikuwa tope. Kwake maji yalifika juu ya kaunta, yakachukua negativu zote, albamu zote, na sanduku la bati lenye picha ya harusi na kitambulisho cha marehemu cha kupigia kura. Sanduku lilikuja kuonekana mbali, huko chini, limefunguka, ndani kuna mchanga. Simu za picha enzi zile zilikuwa za wachache, na hao wachache hakuna aliyempiga picha mke wa mpiga picha.

Basi mtu aliyepiga sura za wilaya nzima hakuwa na sura ya mke wake.

Alitafuta. Alizunguka nyumba alizopigia harusi, akaenda mpaka Kidete, akaenda Magole, anabisha hodi na kuomba albamu za zamani. Watu walimwonyesha, wakampikia na uji. Kwenye picha moja ya kipaimara alipata kiwiko chake kinachotokea pembeni, kimeshika mwavuli. Kwenye nyingine alimpata mgongo, ameinama anafunga kamba za viatu vya mtoto wa watu. Kiwiko na mgongo, basi. Ndugu wa marehemu walikuwepo, ila mama mmoja baba mbalimbali, hawakufanana hata kucha. Na Neema mwenyewe ni kopi ya baba yake, kipaji cha uso kile kile, masikio yale yale. Mpiga Picha alikuwa akimtazama mtoto anasoma, ananiambia kwa chini, "Mtani, hata hapa hakuacha kitu."

Mtoto alipokua akaanza kuuliza. "Baba, mama alikuwaje?" Baba anasema alikuwa mzuri. "Mzuri vipi?" Hapo baba alikuwa anakwama. Siku moja, Neema yuko sekondari, amerudi likizo, wamekaa kwangu wanakula, akauliza tena, na baba mtu akamjibu mbele yangu: "Siku ya send-off yako, picha ya mama yako itakuwa mezani. Nimesema." Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akasogeza mguu.

Alijaribu njia za kawaida kwanza. Akamtafuta mchoraji wa mabango, akamweleza sura, mchoraji akatoa yule mwanamke wa kila saluni, nywele zimelala na midomo myekundu. Vijana wakamwambia simu siku hizi zinatengeneza sura ukizielekeza kwa maneno. Ikatoka dada wa tangazo la sabuni. Nilimwona anaitazama ile simu, anaitazama, kisha akamrudishia kijana na kumshukuru vizuri kabisa.

Sanamu alikutana nazo Mikumi. Bwana mmoja wa Dar alifikia gesti kule, mtu mwenye pesa zake, kazi yake ya mapumziko ni kuzipiga picha sanamu za watu wa sinema porini, nyasi na milima nyuma, zionekane kama watu kweli. Akataka mtu wa kumshikia mwanga, mwenye gesti akampigia simu Mpiga Picha. Yule bwana alikuwa na sanamu ya malkia fulani, mwanamke mweusi, urefu kama chupa ya soda. Siyo midoli mnayoijua ninyi. Nilikuja kuziona baadaye: ngozi ina vitundu vya jasho, kope zimepandwa moja moja, mshono wa nguo ukiutazama unajiuliza sindano ilikuwa na ukubwa gani. Bwana akaiweka juu ya jiwe, akamwambia Mpiga Picha achungulie kwenye kamera. Akachungulia. Alinisimulia mara nyingi: "Mtani, kwa macho ni plastiki. Kwenye lenzi ni mtu. Na shingo ilikuwa ya Mama Neema."

Ndipo wazimu ulipoanza, na mimi nauita wazimu ingawa namheshimu. Akampata kijana wa Kariakoo wa kumwagizia China. Mabasi yanayotoka Dar kupanda Iringa hayaingii Kilosa, kwa hiyo vifurushi vilishushwa stendi ya Mikumi, naye anakwenda kuvichukua, anarudi amevikumbatia kama mama aliyetoka leba. Hakununua kwa sababu ya sinema. Alinunua kwa uso. Mchawi mmoja wa kike alinunuliwa kwa macho. Mwanamke mmoja wa upinde na mishale alinunuliwa kwa mikono, maana sanamu hizi huja na mikono ya akiba, ya kushika, ya kukunja, ya kunyoosha, na mkono mmoja ulikuwa umekunja vidole kama Mama Neema alivyokuwa akishika mwavuli. Mwingine alikuwa jini sijui malaika, ana masikio marefu kama popo. Nikamuuliza, "Na huyu mtani umemfuatia nini? Masikio?" Akasema, "Kidevu." Nikaangalia. Kidevu kilikuwa karibu kweli, na nikakasirika kwamba nimekiona.

Mwanzoni hakujua kama vichwa vinatoka. Nyani ndiye aliyemfundisha. Alikwenda Mikumi kupokea kifurushi, akaona ajaribu kupiga picha nyuma ya stendi ambako nyasi zinaanza. Amemsimamisha yule malkia, anarekebisha kamera, nyani akashuka akamnyakua. Watu wa stendi wakakimbiza na mawe. Nyani akakaa juu ya ukuta, akamng'oa malkia kichwa, akakionja, akakitupa. Mpiga Picha akakiokota kichwa kwenye vumbi, akaona kumbe shingoni kuna kitufe tu, unachomoa na kuchomeka. Mtu mwingine angelia. Yeye alirudi Kilosa amefurahi, na usiku ule akavua vichwa vyote.

Tangu hapo akawa anachanganya. Kichwa cha huyu, shingo ya yule, mikono ya yule mwingine. Akajifunza kubandua nywele na kupandikiza nyingine, kupaka rangi usoni kwa unyoya wa kuku. Yule bwana wa Dar siku moja alipita Kilosa kumtembelea, akaona mezani vichwa vimepangwa kama vitumbua. Akashika kiuno. "Mzee, umeziua. Hizi zikishachanganywa hazina thamani tena." Mpiga Picha akamwambia, "Zilikuwa na thamani gani kwako?" Bwana akaanza kueleza mambo ya kasha lake la asili na namba ya toleo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akampa maembe ya kwenda nayo Dar.

Majirani walisema maneno, hilo halikosekani. Sanamu ndogo zenye nywele, ndani kwa mjane wa kiume, watu wataongea. Mwenyekiti wa mtaa akaja kukagua, akatazama, akagusa shavu la mchawi kwa kidole kimoja, akauliza kama Mpiga Picha bado anapiga pasipoti. Akapigwa pasipoti. Yakaisha. Neema akija likizo kabati lilifungwa kwa kufuli, na mtaani hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mtu aliyemsema kweli alikuwa mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiniletea maziwa kutoka bondeni. Alimkuta kwangu ana kichwa mkononi, anakipaka rangi, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akasema, "Kwetu mtu akifa hata jina lake hatulitaji. Tunamwacha aende. Ninyi mnamvuta kwa shingo." Maziwa siku hiyo aliyanunua Mpiga Picha, yote, na sijui aliyapeleka wapi.

Joto la Kilosa ndilo lilikuwa adui wake. Vitu hivi vimetengenezwa kwa nchi za baridi. Zile nguo za ngozi ya bandia zilianza kubanduka, magamba meusi yanaanguka chini kila ukifungua kabati. Rangi za uso zikawa zinanata. Viungo vililegea, ukiamka asubuhi unamkuta malkia ameinama amegusa vidole vya miguu. Mwezi wa joto kali akaja na mfuko wa nailoni akaniomba nimwekee kwenye friji yangu ya soda. Sikuuliza. Mteja mmoja wa mnadani akafungua friji achukue soda yake, akakutana na wanawake watano wanamtazama bila viwiliwili. Alitoka mbio, soda hakuichukua na chakula hakulipia. Nilikwenda pale studio nikamtukana Mpiga Picha matusi yote ya utani na mengine yasiyo ya utani. Alisubiri nimalize. "Wamepata baridi lakini?" akauliza.

Kila alipopata sura mpya alipiga picha, akaichapisha, akazungusha kwa waliomjua marehemu. Alikuja na kwangu, na kwangu ndiko alikoanzia. Aliiweka mezani, anasimama, hakai. "Mtani, ni yeye?"

"Siyo yeye."

"Kwa nini?"

"Mama Neema alikuwa na mwanya. Huyu amefumba mdomo kama ameibiwa."

Lilikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Watu wa sinema hizi hawacheki. Wamekunja uso, wanakwenda vitani, wanalipiza kisasi. Hakuna aliyetengenezwa anacheka. Na Mama Neema bila kucheka ni nani? Alijaribu. Alichukua kichwa kilichokuwa bora kuliko vyote, akapasha sindano kwenye mshumaa, akajaribu kukifungua mdomo kidogo, mwanya uonekane. Plastiki ikavutika. Alikuja kunionyesha, sijui kwa nini. Lile jambo lilikuwa baya kulitazama, nikamwambia akalifukie. Hakulifukia, alilifunga kwenye kitambaa akaliweka juu ya kabati.

Waliobaki kumjua walitofautiana. Mwimbaji mwenzake wa kwaya alisema paji lilikuwa pana zaidi. Shangazi yake wa Kidete alisema rangi ilikuwa maji ya kunde, huyu mmemkoleza. Mwingine akasema macho yalikuwa madogo. Mpiga Picha alirudi nyumbani akatengeneza kama walivyosema, akarudi, wakasema tofauti na walivyosema mwanzo. Halafu wakaanza kufa, mmoja mmoja. Shangazi akatangulia, mwimbaji wa kwaya akafuata. Mpiga Picha alikuwa haendi msibani kama watu wengine wanavyokwenda, kumpa mfiwa pole na kukaa. Alikaa peke yake pembeni, ameshika magoti, na mimi niliyejua nilikuwa najua analia nini. Kila jeneza lilikuwa linaondoka na sehemu ya uso wa mke wake.

Kwangu aliendelea kuleta. "Ni yeye?" "Siyo yeye." Na nawaambieni, nilikuwa namwonea huruma, lakini alikuwa akiondoka ametulia, kama mtu aliyepewa habari njema. Sikumwelewa kabisa. Nilifikiri amezoea.

Neema akapata mchumba Dodoma, kijana mpole, fundi umeme. Tarehe ya send-off ikapangwa. Ndipo mzee alipokuja kuniomba kitenge. Nilikuwa na kipande cha kitenge tulichonunua sare, mimi na marehemu, zamani hizo. Nikamkatia pembe. Akamshonea ile sanamu gauni na kilemba, akaifuta rangi za vita mashavuni, akaipiga picha kifua na uso, mbele ya lile pazia lake la maporomoko ya maji. Akaiacha mezani studio ikauke.

Nasema ukweli wangu: sidhani alikuwa amekusudia kuitoa. Alikuwa bado anaitilia shaka, na kwangu hajaileta. Lakini Neema alifika siku mbili kabla ya sherehe, akaingia studio kumtafuta baba, akaikuta. Tulisikia kilio, nikaacha sufuria motoni nikakimbia. Binti ameikumbatia ile picha, amekaa sakafuni na nguo zake za safari. "Baba umempata," anasema. "Baba umempata." Mpiga Picha alikuwa mlangoni, ana mfuko wa mkate. Nilimtazama, akanitazama. Nilingoja aseme. Akaweka mkate juu ya kaunta, akaenda akamwinua mwanawe, akampangusa vumbi kwenye sketi.

Hakusema, na mimi pia nikanyamaza. Mngekuwa ninyi mngesema?

Picha ikawekwa fremu ya dhahabu. Siku ya send-off ikawa meza kuu, katikati ya maua, kama alivyoahidiwa mtoto. MC akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mama mzazi hayupo nasi kimwili, lakini yupo hapa. Tusimame tumsalimie mama." Ukumbi mzima ukasimama. Wasioijua sura yake wakasimama, waliomjua wakasimama, wakwe kutoka Dodoma wakasimama na kuinamisha vichwa mbele ya mchawi na malkia na yule jini wa masikio. Wamama wawili wa zamani waliokuwa wakikaa mtaa wetu wakaanza kulia. "Ndiye. Ndiye kabisa, jamani, kama yuko hai." Mpiga Picha alisimama wa mwisho. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu. Nilikuwa nampenda mtu huyu kama ndugu wa tumbo moja na sikuweza kumwendea.

Baada ya hapo picha ikasambaa. Neema akaiweka kwenye simu yake, ndugu wakaiweka kwenye zao, ikachapwa kwenye fulana siku ya kumbukumbu ya marehemu kanisani. Watu wakaanza kusema Neema anafanana na mama yake. Neema yule, kopi ya baba. Nilisikia mtu akisema hivyo dukani, na mwingine akaitikia, "Hasa macho." Nikalipa chumvi yangu nikatoka.

Mpiga Picha aliacha kununua sanamu. Kijana wa Kariakoo alimpigia, hakupokea. Kabati halikufunguliwa tena, magamba ya ngozi yakawa yanatoka yenyewe chini ya mlango, nayafagia mimi. Kazi nayo ilikuwa imekwisha, watu wanajipiga wenyewe kwa simu, anapata pasipoti moja moja. Utani ulipungua. Nilikuwa namrushia neno, anatabasamu kwa adabu kama tunafahamiana kwa mbali.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ilikuwa asubuhi ya kawaida, mvua imenyesha, sina wateja. Akaingia. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akakaa, na hakuwa na desturi ya kukaa akija na picha. Akaitoa ile fremu ndogo aliyobaki nayo, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Mtani," akasema, "hii hukuwahi kuniambia. Ulikatazwa na kilio cha mtoto. Sasa niambie. Ni yeye?"

Nikaichukua. Nilitaka kumjibu vizuri, kwa haki, kwa sababu alistahili. Nikafumba macho nimlete Mama Neema. Alikuja upesi. Sauti yake ikaja, ile ya kuniita kupitia ukutani nimwazime chumvi. Mikono yake ikaja, inanuka kitunguu. Alivyokuwa anajikwaa kwenye kizingiti changu kila siku na kila siku anakilaumu. Nikamgeuza anitazame. Akageuka, na alikuwa na kilemba cha kile kitenge, na maporomoko ya maji nyuma yake. Nikamwondoa. Nikajaribu kumleta siku ya harusi yangu, nikajaribu jikoni, nikajaribu siku ya mwisho ameshika kichwa chake kinamuuma. Kila alipogeuka alikuwa na uso ule ule, umefumba mdomo.

Nilifumbua macho. Mpiga Picha alikuwa amenikazia macho, hapepesi, kama alivyokuwa akimtazama mteja kabla ya kubonyeza.

"Ni yeye," nikamwambia.

Akaivuta fremu polepole kuelekea kwake, akaifunika kifudifudi.

"Basi na wewe umemsahau," akasema. "Ulikuwa umebaki wewe peke yako."